Mkono Usioomba Ruhusa

Namsifu Mbwambo aliiandika programu ya Kiganja kwa miaka sita, na asubuhi alipotumwa Korogwe kwenda kuthibitisha kwamba imeibwa, alikwenda kwa moyo mweupe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mhandisi mkuu wa kampuni iliyotengeneza mikono ya bandia kwa karibu nusu ya nchi. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika jengo lile la Dodoma aliyezichukia nakala za wizi kwa sababu zake mwenyewe, ni yeye.

Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa na karakana yake mjini Same. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakiandika programu ya kuwafundisha watoto viziwi kusoma. Programu ilipendwa. Ilipendwa hata ikanakiliwa kutoka Arusha mpaka Mtwara, kila shule ikiipa shule jirani, na kabla ya mwaka kwisha ikawa inatumika kila mahali na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu waliokaa chini wakaiandika. Wenzake waliondoka mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Elinaja, rafiki yake tangu sekondari, ambaye aliacha funguo mezani na barua ya mistari mitatu. Namsifu hakuwahi kuwasamehe watu wale asiowajua. Kwa hiyo Bunge lilipopitisha sheria ya Mahakama za Programu, iliyoziruhusu kampuni kumshtaki mtu mmoja mmoja na kuomba kifaa chake kizimwe, yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Kampuni ilikuwa imefungua kesi arobaini na moja. Ya kwanza kusikilizwa ilikuwa ya Mwanaidi Semkiwa, msusi, mwenye saluni karibu na stesheni ya Korogwe. Wakili wa kampuni, Bwana Kasyupa, alimweleza Namsifu kwa nini wameanza na huyo: kesi yake ni nyepesi. Hana wakili, hakatai kwamba mkono wake una nakala, na akishazimiwa mkono, wale arobaini wengine watajua la kufanya bila kusubiri zamu zao. Kazi ya Namsifu ilikuwa kuufungua mkono mbele ya karani wa mahakama, kuionyesha alama aliyoificha ndani ya programu, na kesho yake kuyarudia hayo mbele ya hakimu. Siku mbili, kisha arudi nyumbani.

*

Mikono ya Kiganja huomba ruhusa. Kila alfajiri, mwenyewe akiwa bado amelala, mkono huuita mnara ulio karibu na kuiuliza kampuni kama bado una haki ya kufanya kazi. Ukijibiwa ndiyo, vidole hulegea na siku huanza. Usipojibiwa kwa siku tatu, vidole hukakamaa pale pale vilipo, viwe vimeshika kikombe au vimeshika mkono wa mtoto. Namsifu ndiye aliyeliandika ombi hilo, mistari ishirini na miwili, na siku zote alikuwa akijivunia ufupi wake.

Mkono wa Bi Mwanaidi haukuwa ukiomba. Miezi kumi ulikuwa umekaa kimya, haumwiti mtu, na bado ulikuwa unasuka.

Namsifu aliukuta ukisuka. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na feni iliyokuwa ikizunguka polepole, na mwenye saluni alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kitini alikaa mwalimu wa shule ya msingi, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu nyingine imesimama. Namsifu aliamkia, akajitambulisha, akamtambulisha na karani aliyekuwa nyuma yake akijifuta jasho.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanaidi alisema bila kuacha kazi. "Mkono utaufungua, sikuzuii. Ila niache nikimalize kichwa hiki. Mwalimu hawezi kuingia darasani hivi alivyo."

Karani alimtazama Namsifu. Amri ya mahakama ilisema mkono ufunguliwe mara tu watakapofika. Namsifu alivuta kiti akaketi.

Hakuwahi kukaa karibu hivyo na mtu anayeutumia mkono wake kwa kazi. Kule Dodoma mikono ilijaribiwa kwa kushika mayai na kufunga vifungo vya shati. Huu ulikuwa umechakaa, ngozi yake ya plastiki imebanduka kifundoni, na katikati ya vidole palikuwa na mafuta ya nywele ya miaka. Lakini uligawa mstari kwa chanuo, ukashika nywele tatu kwa tatu, ukazipitisha kwa mkono wa kushoto uliokuwa wa nyama, ukazipokea tena. Na kila mara kabla ya kukaza fundo, kidole cha mwisho kiliinuka, kikajipinda nje kidogo kama kinachokwepa kitu, kikangoja, kisha kikarudi mahali pake.

Namsifu alikitazama kile kidole kikifanya hivyo mara ya tano, mara ya sita. Alikuwa amekwisha kukiona mahali.

Aliuliza, kwa namna ya mtu anayepitisha muda, kwa nini kidole kile kinainuka. Bi Mwanaidi alicheka kidogo. Akamwonyesha kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto, kilichokuwa na kovu jeusi kuanzia ukucha. Alikiunguza kwa kitana cha moto akiwa msichana, bado anajifunza kazi, na tangu hapo hakuwahi kuacha kukiinua kabla ya kukaza. Mkono wa kulia ulichukuliwa na mashine ya katani akiwa na miaka ishirini na sita. Alipopata wa bandia, miaka mingi baadaye, alikaa nao mwaka mzima akiufundisha. Anasuka kwa kushoto, unatazama. Anarudia, unatazama. Ndivyo Kiganja kinavyojifunza, na Namsifu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Ukajifunza na ubovu wangu," Bi Mwanaidi alisema. "Nikauacha. Nilijiambia, ndiyo mkono wangu basi."

Mwalimu aliposimama na kujitazama kwenye kioo, Bi Mwanaidi alikaa kwenye kiti kile kile, akauweka mkono mezani, kiganja juu. Namsifu aliingiza waya, akafungua kompyuta yake, na katika dakika nne akaiona alama: tarehe ya kufariki kwa mama yake, imeandikwa katikati ya msimbo mahali ambapo haina kazi yoyote. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeiandika hapo. Karani alipiga picha, akajaza fomu, akaandika namba ya mkono, wote watatu wakatia saini. Bi Mwanaidi alisaini kwa mkono uliokuwa ukishtakiwa.

*

Mchana ule, katika chumba cha nyumba ya wageni, Namsifu alifungua toleo la saba.

Toleo la saba lilitoka mwezi Machi, nalo lilikuwa fahari ya kampuni. Liliitwa Toleo la Wasusi. Mtu akivaa mkono wenye toleo hilo, anaweza kusuka siku hiyo hiyo bila kuufundisha chochote. Kwenye ukumbi wa maonyesho pale Dodoma palikuwa na mkono mmoja ndani ya kioo, unasuka mchana kutwa, na wageni walikuwa wakisifia jinsi kidole cha mwisho kinavyoinuka, wakidhani ni madoido. Namsifu naye aliwahi kukisifia. Alipouliza miondoko ile imetoka wapi, aliambiwa imetoka idara ya data, akaridhika.

Sasa hakuridhika. Kila alfajiri mkono unapoomba ruhusa, hutuma pia yale uliyojifunza jana yake. Namsifu alilijua hilo, yeye ndiye aliyeiandika njia yenyewe, ili makosa yarekebishwe. Hakujua kwamba yaliyotumwa yalikuwa yakihifadhiwa na kupangwa. Ndani ya toleo la saba kila mwondoko ulibaki na namba ya mkono ulikotoka, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuifuta. Miondoko ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mia tatu na tisini ilitoka kwenye mkono mmoja, na namba ya mkono huo alikuwa ameisaini asubuhi.

Alizipanga na tarehe pia, akisaidiwa na jalada la kesi. Bi Mwanaidi alitumia mkono wake kihalali miaka minne. Kisha, wiki tatu baada ya mwondoko wa mwisho kuchukuliwa, kampuni ililifunga toleo la nne. Mikono yote ya zamani ikakakamaa, na wenye mikono wakaambiwa wajiandikishe, wasubiri mikono mipya. Bi Mwanaidi alijiandikisha. Alisubiri miezi mitatu, mkono umekakamaa nusu wazi, saluni imefungwa. Ndipo mtu fulani kwenye kituo cha afya akamwekea nakala isiyoomba ruhusa.

Namsifu alimpigia simu Kasyupa, akamweleza yote. Wakili alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamjibu kwa upole wa mtu aliyeyajua hayo zamani. Alisema wateja wote walikubali kutuma data siku walipovalishwa mikono, ipo kwenye mkataba, ukurasa wa kumi na tisa. Alisema hilo haliko mbele ya mahakama. Lililoko mbele ya mahakama ni nakala, na nakala ipo. Namsifu ajibu atakayoulizwa, asizidishe. Halafu akamkumbusha kwamba naye alisaini mkataba wa siri, na kwamba sheria ya kumshtaki mtu mmoja mmoja haimbagui mhandisi.

"Ni wewe uliyeumizwa hapa, Namsifu," alisema mwishoni. "Kumbuka Same. Tunakupigania wewe."

Alibaki ameishika simu baada ya kukatwa. Maneno yale yangemfariji wiki moja kabla.

*

Saa kumi na moja jioni alirudi saluni. Hakujua anakwenda kusema nini. Mkataba ulimkataza kuyataja aliyoyaona, na tena alikuwa na hasira, na hasira ile ilimwelekea Bi Mwanaidi pia.

Akaanza nayo hiyo. Alimwambia kwamba pamoja na yote, msusi naye alifanya makosa. Kuna watu walikaa usiku na mchana kuiandika programu ile. Alimsimulia habari za Same, za watoto viziwi, za Elinaja na funguo. Alisema kila aliyenakili alikuwa na sababu nzuri, walimu wazuri, shule maskini, na sababu zote zile nzuri zikiwekwa pamoja ndizo zilizoiua karakana yake.

Bi Mwanaidi alikuwa akifagia nywele sakafuni. Aliacha, akaegemea ufagio.

"Nimenakili, sikatai," alisema. "Na hao waliokufanyia vile walikosa. Wangekutafuta, wangekuuliza. Mimi niliuliza. Nilipiga simu kwenu miezi mitatu, najibiwa na mashine. Mwanangu, ungekuwa ni wewe umekaa na mkono umekufa hivi," akaukunja wa bandia nusu wazi mbele ya uso wake, "ungesubiri mpaka lini?"

Bi Mwanaidi alimweleza kwamba wakili alimfuata wiki iliyopita. Alimwambia kesi itafutwa siku hiyo hiyo kama atamtaja aliyempa nakala. Yeye alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, na jina hakumpa. Aliyempa nakala hakumwomba kitu, alimsaidia, na kuna wengine thelathini wanaomtegemea pale kituoni.

"Sasa wataniua mkono," alisema. "Wauue. Nitasuka kwa kushoto na meno. Lakini hawatanitumia kumwinda mtu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akaendelea kufagia. Namsifu alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alifikiria nyumba yake ya Dodoma, cheo chake, miaka sita ya kazi ambayo asingeruhusiwa tena kuigusa. Alifikiria pia kwamba kuna mtu mwingine aliyekaa mwaka mzima akifanya kazi ngumu, ikachukuliwa, ikapelekwa kila mahali, na hakuna aliyelikumbuka jina lake. Safari hii mwenye kunakili alikuwa yeye.

"Kesho nikishamaliza kutoa ushahidi," alisema, "hakimu atakuuliza kama una swali la kuniuliza. Watu wasio na mawakili huwa wanasema hawana. Wewe usiseme huna."

"Nikuulize nini?"

"Hilo siwezi kukuambia. Ila uliza."

*

Mahakama ilikaa saa tatu asubuhi. Namsifu alitegemea kuona viti vitupu, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa. Watu walikuwa wametoka Muheza, Handeni, Lushoto na milima yake, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja aliweka mkono mmoja mapajani kwa namna ile ile, kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake. Walikuwa baadhi ya wale arobaini. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani mizito aliyeitwa Nyangindu, aliwatazama, akaandika kitu, akaamuru kesi iendelee.

Kasyupa alimwuliza Namsifu maswali manne. Yeye ni nani. Programu iliyomo mkononi mwa mdaiwa ni ya nani. Amejuaje. Je, mdaiwa ana leseni ya kuitumia. Namsifu alijibu yote kwa ukweli, na majibu yote manne yalimwelemea Bi Mwanaidi. Alipoitaja tarehe ya kufariki kwa mama yake, aliona wanawake wawili kwenye benchi la mbele wakiinamisha vichwa. Kasyupa alishukuru akaketi. Ushahidi ulichukua dakika kumi.

Hakimu alimgeukia Bi Mwanaidi, akamweleza kwamba ana haki ya kumwuliza shahidi. Bi Mwanaidi alisimama. Aliutazama mkono wake.

"Wewe umesema umeona kilicho chako humu," alisema. "Sawa. Je, umeona humu kitu ambacho si chako?"

Kasyupa alikuwa amesimama kabla swali halijaisha. Alisema swali halihusiani na shauri, na jibu lake linagusa siri za kibiashara ambazo shahidi ameapa kuzilinda. Hakimu alimwuliza shahidi kama ana jibu. Namsifu alisema analo. Hakimu akasema shahidi ameapa pia hapa, asubuhi hii hii, na kiapo cha hapa ndicho kinachomhusu yeye. Akamwambia ajibu.

Kasyupa alimtazama Namsifu, akatikisa kichwa mara moja, taratibu.

"Nimeona usukaji," Namsifu alisema. "Huo si wangu. Mimi sijui kusuka, na hakuna mtu kwenye kampuni yetu anayejua. Vidole hivyo alivifundisha yeye mwenyewe mwaka mzima. Kisha sisi tukavichukua. Toleo la saba, hilo tunaloliuza sasa kwa jina la Toleo la Wasusi, lina miondoko mia nne na kumi na mbili, na mia tatu na tisini imetoka kwenye mkono ulioko mbele yako, Mheshimiwa. Hata kidole chake kilichoungua tumekichukua. Wiki tatu baadaye tuliuzima mkono wake."

Karani alikuwa ameacha kuandika, hakimu akamwashiria aendelee.

Kasyupa alisimama tena, sasa akimhoji shahidi wake mwenyewe kwa idhini ya mahakama. Alimwuliza kama si kweli kwamba mdaiwa alikubali, ukurasa wa kumi na tisa. Namsifu alikiri kwamba ukurasa huo upo. Alisema alikuwa hajawahi kuusoma mpaka jana, yeye aliyeuandika mkono wenyewe. Kasyupa alimwuliza kama anaitetea nakala ya wizi, yeye ambaye kampuni yake ya kwanza iliuawa na nakala za wizi.

"Siitetei," alisema. "Alinakili, na ningependa kazi yangu iheshimiwe. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya nikiona kazi ya mwenzangu imechukuliwa na jina langu limebandikwa juu yake. Mkitaka kuwashtaki watu, msiwashtaki kwa niaba yangu. Mmefungua kesi arobaini na moja na kila moja ina jina langu ndani yake. Naomba mliondoe."

"Hilo si jibu la swali langu," Kasyupa alisema.

"Hapana," Namsifu alikubali. "Lakini ndilo nililolijia."

*

Hukumu ilitoka baada ya wiki mbili. Hakimu Nyangindu aliona kwamba mdaiwa alitumia nakala isiyo na leseni, akamwonya, akamkataza kumpa mtu mwingine. Amri ya kuuzima mkono aliikataa. Aliandika kwamba yaliyomo ndani ya mkono ule ni ya watu wawili, na mmoja hawezi kukizima cha mwenzake kwa ajili ya kukilinda cha kwake. Akaipa kampuni siku sitini kuieleza mahakama ilikopata kila mwondoko wa toleo la saba, na mpaka hapo kesi arobaini zilizobaki zisimame. Haukuwa ushindi kamili. Kampuni ilikata rufaa siku iliyofuata, na gazeti moja la Tanga liliandika kwamba sasa kila mwizi atasema amefundisha kitu.

Namsifu alikuwa amekwisha kufukuzwa. Alipofika Dodoma siku ile ya ushahidi, kadi yake ya mlangoni haikufanya kazi, na mlinzi aliyemfahamu kwa miaka sita alimletea vitu vyake ndani ya boksi huku akitazama chini. Wiki ya nne akaletewa wito wa mahakama. Kampuni ilikuwa inamshtaki yeye, mtu mmoja, kwa kutoa siri na kwa kufungua toleo la saba bila idhini.

Wenzake wengine hawakupokea tena simu zake. Mmoja alimwandikia kwamba amewaharibia wote, kwamba kama kampuni haiwezi kuilinda programu yake basi hakutakuwa na mikono kabisa, ya halali wala ya wizi. Namsifu aliisoma barua ile mara nyingi. Hakuona kwamba ni ya kijinga. Zilikuwepo siku alizoamka akiwa na hakika kwamba alifanya sawa, na siku alizoamka akiwaza tu atakula nini mwezi ujao.

Siku moja kabla ya kesi, Kasyupa alimpigia. Kampuni ilikuwa tayari kuyamaliza. Atie saini maelezo mafupi kwamba siku ile alikosea kuzisoma namba, kwamba miondoko ilitoka mikono mingi na si mmoja, na shauri lake litafutwa. Anaweza hata kurudi kazini, pengine si idara ile ile. Sauti ya wakili ilikuwa ya mtu anayetaka jambo liishe vizuri, na Namsifu aliamini kwamba ndivyo alivyotaka.

Alimwuliza kama maelezo hayo yatatumika kwenye rufaa ya Korogwe. Kasyupa alisema ndiyo, kwa kawaida yatatumika.

"Basi tuonane kesho," Namsifu alisema.

Bi Mwanaidi alifika Dodoma kwa treni ya asubuhi akiwa na watu kumi na tisa, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Namsifu na mfuko wa plastiki. Alimtazama kichwani, akasema hawezi kumwacha aingie mahakamani na nywele zile. Akamkalisha kwenye kigoda barazani. Alimsuka mistari minane, myembamba, inayorudi nyuma, na katika muda wote ule hawakuongea kuhusu kesi. Waliongea kuhusu mvua, na kuhusu mwalimu aliyehamishiwa Kilindi. Alipomaliza alimpaka mafuta kwenye mistari kwa kidole kimoja cha bandia, taratibu, asimwumize.

Ukumbi wa Dodoma ulikuwa mkubwa kuliko wa Korogwe, wenye viyoyozi na viti vya ngozi. Wakurugenzi watatu wa kampuni walikaa mbele. Wale watu ishirini wenye mikono walikosa nafasi ya kukaa, wakasimama ukutani. Namsifu hakuwa na wakili. Alikuwa ameambiwa na watu watatu tofauti kwamba hilo ni kosa, naye aliwaambia wote watatu kwamba anayotaka kusema anaweza kuyasema mwenyewe.

Karani alisoma jina lake lote, kisha akayasoma madai, ya kwanza hadi ya sita. Ilichukua muda. Hakimu, mwanamume ambaye Namsifu hakuwahi kumwona, alimwuliza kama ameyaelewa. Alisema ameyaelewa. Akamwuliza kama anakiri au anakana.

Namsifu alisimama.

"Ninakiri kwamba nilisema, Mheshimiwa," alisema. "Sikiri kwamba nilikosa."